Nyufa za kiangazi kwenye sakafu ya mbao: kabla ya kuziziba

SWALI: Fundi, jambo. Tunaishi Nguba, hapa Bukavu, katika nyumba ya miaka ya 1950. Tulipotoa lino, yaani mkeka mgumu wa kufunika sakafu, la sebuleni tulikuta mbao za zamani, kila moja ina upana wa sentimita 12, zimekolea nta nyekundu. Kati yake kuna nyufa za milimita 2, na karibu na dirisha zinalia mtu akikanyaga. Seremala anataka kuzipiga mbao diskezi, ile mashine ya mkono yenye sahani ya msasa inayozunguka, azibe nyufa kwa vumbi la mbao na gundi, apake verni (vanishi), yote kwa siku mbili kabla mvua za Septemba hazijaanza. Chumba ni mita 4 kwa 5. Tumruhusu?

JIBU: Jambo mama. Msimruhusu bado. Kupaka verni wakati wa kiangazi ni sawa kabisa. Kuziba nyufa wakati huu ndiko kutakakowaharibia sakafu.

Ubao hunywa unyevu wa hewa na kuvimba kwa upana, kwa urefu karibu si kitu. Ubao wa sentimita 12 unaweza kuongezeka milimita 1 hivi mvua zikikolea. Kama mbao zenu zimelazwa kufuata ule ukuta wa mita 5, ziko kama 33. Jumlisha: zaidi ya sentimita 3. Nyufa zikijazwa gundi ngumu, upana huo hauna pa kwenda. Sakafu inainuka katikati na kung'oa misumari. Kwa hiyo nyufa za milimita 2 ziacheni. Zile zitakazokuwa bado wazi mwezi wa Aprili ndizo za kuziba, kwa ukanda mwembamba wa mti uleule, uliopakwa gundi upande mmoja tu ili ubao wa pili ubaki huru. Angalieni pia chini ya plinti, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta: kando ya ukuta panatakiwa nafasi ya milimita 10, na mara nyingi aliyepiga plasta upya ameiziba kwa sementi.

Kilio cha dirishani kinanitia wasiwasi zaidi ya nyufa. Dirisha likivuja, maji hushukia ncha ya mhimili, yaani boriti inayobeba mbao, ulioingia ukutani, na hapo ndipo uozo huanzia. Ng'oeni ubao mmoja, mchome mhimili kwa bisibisi. Ikizama milimita 5 bila nguvu, mhimili umeoza. Tafuteni vijia vya udongo vya mchwa, kisha tokeni nje mkague matundu ya hewa chini ya sakafu, kwa maana udongo wa bustani huyafunika. Yakiwa yamezibwa, verni yoyote ya juu ni kazi bure. Mhimili ukiwa mzima, ni misumari tu iliyolegea: tieni skrubu, hizi tunazoziita visi, za milimita 4 kwa 50, baada ya kutoboa tundu la milimita 3, la sivyo mti mgumu utapasuka.

Ubao wa kubadilisha usitoke sokoni na kupigiliwa siku hiyohiyo. Mbao mbichi hukauka kwa kadiri ya mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Nunueni iliyokauka, muipange ndani ya chumba hichohicho kwa wiki tatu, vijiti vikiitenganisha.

Nta nyekundu itoke kabla ya msasa. Joto la mashine huiyeyusha, karatasi inajaa kwa dakika chache, na mabaki yanasukumwa ndani ya mti ambapo verni haitashika. Mwageni terebentini kidogo, mita mraba moja kwa mara moja, ngojeni dakika 5, sugueni kwa sufi ya chuma kufuata nyuzi za mti, futeni kwa kitambaa cheupe. Rudieni mpaka kitambaa kitoke bila wekundu. Madirisha wazi, bila moto wowote karibu. Vitambaa vianikwe nje kimoja kimoja.

Diskezi hapana. Kila inapogusa inachimba kibonde kidogo. Leo hamtakiona, lakini verni ikikauka na mwanga wa jioni ukapita ubavuni, sakafu yote itaonekana kama ziwa lenye mawimbi. Tumieni mashine ya msasa ya sakafu, namba 40, kisha 60, kisha 100, bila kuruka hata moja. Kwanza zamisheni vichwa vya misumari milimita 3. Ubao wa ulimi na mfereji, ambao ukingo wake mmoja huingia ndani ya ubao wa jirani, hauna zaidi ya milimita chache juu ya ulimi. Msasa ukifika hapo, ubao umekwisha. Umeme ukiwa dhaifu, acheni: ngoma ya mashine, inayozungusha msasa, ikipunguza mwendo ikiwa chini, inaacha shimo. Kama chini ya lino mlikuta vigae vidogo vigumu au gundi nyeusi, msivipige msasa kabisa, kwa kuwa vya miaka ile vinaweza kuwa na amianti (asbesto), ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

Kwa mita mraba 20, lita 2 za verni zinatosha mkono mmoja, yaani tabaka moja. Nunueni 6 kwa mikono mitatu. Mkono wa kwanza uongezewe terebentini asilimia 10. Saa 24 kati ya mikono, msasa mwepesi namba 220, vumbi lifutwe. Kama mti ni mvule, mafuta yake huchelewesha verni kukauka: ufuteni kwa asetoni kabla ya mkono wa kwanza, na mvae barakoa, maana vumbi lake linawasha koo. Baada ya mkono wa mwisho tembeeni kwa soksi siku mbili. Viti na meza vingoje wiki moja.