"Laiti ningalijua" kwa Kifaransa: maswali ya wasomaji

SWALI: Asalam aleikum mwalimu. Mi ni nahodha hapa Shela, Kifaransa nimekiokota kwa watalii na kidogo kwa simu, kitabu sina. Juzi nilikuwa na familia ya Wafaransa, nimewaahidi kuwapeleka magofu ya Takwa, na kule wajua hakuendeki ila maji yakijaa, sasa mi nikachelewa gatini kungoja petroli, kufika kwenye mkondo wa mikoko maji yashakupwa, boti ikakaa tu kwenye tope. Nikawaomba radhi, nikasema "Si je serais parti tôt, on serait arrivés". Kitoto chao cha kama miaka tisa kikacheka mpaka kikashika mbavu, kikasema kitu kuhusu "si" na "rais", sikufahamu. Nilikosea wapi? Si ndio ningaliondoka mapema tungalifika? (Nahodha, Shela)

JIBU: Waaleikum salam nahodha. Nusu ya pili ya sentensi yako ilikuwa sawasawa, "on serait arrivés", hata mi nimeshangaa kwa mtu asiye na kitabu. Kosa liko nusu ya kwanza, na kosa lenyewe limetoka kwenye Kiswahili chako safi.

Sisi twaweka -ngali- pande zote mbili, ningaliondoka tungalifika, kama makasia, ukipiga upande mmoja tu mashua yazunguka. Wafaransa wanapiga upande mmoja. Ule upande wenye "si" (yani "kama") haukubali kabisa hiyo kondisioneli (ndio umbo lao la -nge- na -ngali-), wenyewe unataka wakati mwingine wanaouita plus-que-parfait, ambao ukiuangalia kwa karibu ni ile "nilikuwa nimeondoka" yetu. Kwa hivo sema: "Si j'étais parti plus tôt, on serait arrivés." Neno kwa neno ni kama "kama nilikuwa nimeondoka mapema, tungalifika". Kwa masikio yetu inachechemea kidogo lakini ndio iko hivo.

Na yule mtoto usimkasirikie, watoto wa kwao wenyewe wanakosea hapohapo, ndio mana shuleni wanakaririshwa "les si n'aiment pas les rais", si hazipendi rais, yani zile herufi za mwisho za kondisioneli: serais, aurais. Ukiisikia bila kuiona imeandikwa inaweza kuwa "misumeno haipendi taa", taa yule samaki wa mkia mrefu, kwa sababu scie ni msumeno na raie ni taa. Kwa mvuvi hiyo haitoki kichwani tena.

Sasa ile inayoitwa conditionnel passé, yani -ngali- ya kwao, yenyewe inaundwaje? Ni vipande viwili. Cha kwanza ni avoir (kuwa na) au être (kuwa) iliyowekwa kwenye kondisioneli: j'aurais, tu aurais, il aurait, nous aurions, vous auriez, ils auraient, na ya être ni je serais, tu serais, il serait, nous serions, vous seriez, ils seraient. Cha pili ni kitenzi kikiwa kwenye umbo la "kwisha kufanyika": attendu, vu, mangé, parti. Ukiunganisha wapata "j'aurais attendu", ningalingoja, "vous auriez vu", mngaliona. Kukanusha, ne na pas zinakibana kile kipande cha kwanza peke yake: "je n'aurais pas payé", nisingalilipa.

Kitu kingine cha kuangalia, siku hizi sote twasema -nge- kwa kila kitu, "ungekuja jana ningekupeleka", "ungekuja kesho ningekupeleka", na twaelewana bila shida. Kifaransa hakikuachii hiyo. Ya kesho, ambayo mlango bado uko wazi: "Si tu venais demain, je t'emmènerais." Ya jana, ambayo imeshapita na haina dawa: "Si tu étais venu hier, je t'aurais emmené." Na zaweza kuchanganyika, jambo la zamani na matokeo ya sasa hivi: "Si j'avais appris le français à l'école, je serais guide aujourd'hui." Ningalisoma Kifaransa shuleni, leo ningekuwa gaidi wa watalii. (Hiyo gaidi ya utalii jamani, sio ile nyingine, hili neno litatutia matatani siku moja.)

Lakini ukweli nahodha, kwa kazi yako wala huhitaji "si" sana. Shika hii moja: "J'aurais dû partir plus tôt." Ilinipasa kuondoka mapema na sikuondoka. Na "J'aurais dû vous prévenir", ilinipasa niwaarifu. Dû ina kofia juu, usiisahau ukiandika. Hizo mbili zinapoza wateja kuliko sentensi ndefu ya kujitetea. Na jihadhari na mteja akikwambia kwa sauti ya chini "Vous auriez pu nous prévenir", mungaliweza kutuarifu, wengi wanadhani ni mazungumzo tu, hiyo ni lawama ya watu wenye adabu, na ukiisikia toa madafu haraka.

Na "laiti" yetu ipo pia: "Si seulement j'avais su!" Laiti ningalijua. Hapo tena waona baada ya si hakuna rais.

SWALI: Mwalimu mambo. Huku kwetu Malindi kila mtu anakimbilia Kitaliano, mi nikaona niwe tofauti nisome Kifaransa. Sasa nafuatilia uhamisho wa wachezaji kwenye magazeti ya Ufaransa, nikasoma "L'attaquant aurait signé pour trois ans", nikaenda maskani nikawaambia wenzangu huyu straika angalisaini miaka mitatu lakini hakusaini, nikaweka dau la soda kreti nzima. Kesho yake katokea na jezi. Nimelipa soda. Nani kanidanganya, gazeti au kitabu? (Shabiki, Malindi)

JIBU: Pole kwa soda. Gazeti halikukudanganya, na kitabu nadhani hukufika ukurasa wake, kwa sababu vitabu vingi vinaiweka mwisho mwisho kama kitu kidogo wakati mtu anayesoma habari anaikuta kila siku.

Hiyo kondisioneli ya magazetini sio -ngali- hata kidogo. Ni "ati" yetu. "Il aurait signé" ni "ati amesaini", inasemekana amesaini, mi mwandishi sijathibitisha kwa hivo usinishike koo. Kwa Kiswahili cha gazeti ni "anadaiwa": "il aurait volé la caisse", anadaiwa kuiba pesa za sanduku. Yani umbo ni lilelile moja lakini maana imegeuka kabisa, -ngali- yetu inamwambia msikilizaji jambo halikutokea, na hii ya kwao inamwambia huenda limetokea tayari. Ndio mana naona jina lenyewe, conditionnel, linapotosha watu, hapa hakuna sharti lolote.

Utajuaje ni ipi? Tafuta sharti. Kukiwa na "si" karibu, au "sans", mfano "Sans sa blessure, il aurait signé", lau si jeraha angalisaini, basi hakusaini. Kukiwa hakuna sharti hata moja na ni kichwa cha habari, soma "ati". Mara nyingi utaona na "selon" pembeni, yani kwa mujibu wa fulani. Ya sasa hivi nayo ipo: "il serait à Paris" ni ati yuko Paris, "il aurait 32 ans", ati ana miaka 32. Na "il n'aurait pas signé" ikiwa peke yake ni ati hakusaini. Usiweke dau tena kabla hujatafuta si.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni mwanafunzi wa kike. Kwenye mtihani niliandika "je serais allé à Mombasa", nikakatwa maksi. Alafu nikaandika "j'aurais monté les valises", nikakatwa tena, mwalimu akaandika juu yake na kalamu nyekundu "je serais montée". Pia mwenzangu aliandika "j'aurai" bila s akaambiwa ni kosa kubwa, kwani s moja ni nini? (Mwanafunzi, Langoni, Lamu)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na s ya mwenzako kwa sababu ni fupi. "J'aurai fini à cinq heures" ni nitakuwa nimemaliza saa kumi na moja. "J'aurais fini" ni ningalimaliza. Kwa kusikia watu wengi hata Ufaransa hawazitofautishi, lakini kwa maandishi mteja akikutumia "j'aurai payé avant de partir" pesa yako yaja, atakuwa amelipa kabla hajaondoka, na akiandika "j'aurais payé" jua anakupa sababu ya kwanini hakulipa.

Ya kwanza yako, mwalimu wako ana haki. Vitenzi vya kwenda na kuja, aller, venir, partir, arriver, sortir, rester, tomber na ndugu zao, vinachukua être, na vikichukua être mwisho wake unamfuata mtendaji. Wewe ni msichana, kwa hivo "je serais allée", e moja zaidi. Vya kujifanyia mwenyewe vinaingia humo humo, "je me serais levée", ningaliamka.

Ya pili ndio nimeisoma mara mbili. Monter, descendre, sortir na passer zina tabia ya kuhama. Ukipanda wewe mwenyewe ni être: "je serais montée dans le bateau", ningalipanda botini. Lakini ukipandisha kitu, kama wale vijana wa gatini wanaopokea masanduku ya wageni wakitoka uwanja wa ndege wa Manda, kitu kinafanyiwa kazi, basi ni avoir: "j'aurais monté les valises", ningalipandisha masanduku. "Je serais montée les valises" hakuna. Kwa hivo hapo wewe ndiye uliyepata na kalamu nyekundu ndiyo iliyoteleza, yatokea, na mi imenitokea mbele ya darasa zima. Mpelekee kitabu umuonyeshe ukurasa, lakini mpelekee wakati yuko peke yake, na uanze na shikamoo.