Gasketi ya hedi ya Hilux 3L kuungua mara ya pili

Ndugu, umeuliza kwa nini Hilux yako yenye injini ya dizeli ya 3L imeunguza tena gasketi ya hedi (kiziba kilicho kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku). Kwa kuwa gasketi mpya imeungua ndani ya miezi michache, ninashuku kwamba hedi ilirudishwa bila kupimwa unyoofu wala kutestiwa kwa presha ili kuona kama ina nyufa, na hedi za injini hizi hupata nyufa katikati ya valvu pindi gari linapochemsha. Kuisawazisha hedi yenye ufa ni kupoteza fedha. Uso wa bloku nao upimwe unyoofu kwa rula ya chuma, jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza.

Gasketi ya 3L hutengenezwa kwa unene wa aina 3, na unaofaa huchaguliwa kwa kupima kiasi ambacho pistoni huchomoza juu ya bloku, si kwa kununua yoyote iliyopo dukani. Bolti zikazwe kwa mpangilio, kuanzia katikati kwenda nje: kwanza Nm 78 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha zizungushwe nyuzi 90, kisha nyuzi 90 nyingine.

Ili injini isichemshe tena, safisha rejeta, weka themostati, yaani valvu inayodhibiti joto la maji ya injini (usiitoe!), na usiruhusu pampu ya dizeli iongezwe mafuta kupita kipimo ili gari livute zaidi mlimani.