Shangazi, mume wangu anakula kwa mama yake tangu niache kupika nyama

Marahaba, mwanangu wa Tanga. Barua yako ni ndefu, na kwa kuwa wasomaji wengine hawakuiona, nitaieleza kwanza kwa ufupi. Umo katika mwaka wa sita wa ndoa, una mtoto wa miaka minne na mwingine unayemnyonyesha. Mwaka jana, baada ya kutazama video kadhaa katika simu, uliamua kuwa vegani, yaani kuacha nyama, samaki, mayai, maziwa, samli na hata asali, na siku hiyo hiyo ukaamua kwamba vitu hivyo visiingie tena jikoni mwako. Mume wako hakugombana nawe. Alianza tu kuchelewa kurudi, na ulipochunguza ukagundua kwamba kila jioni akitoka kazini hupitia kwa mama yake, hula huko, kisha huja nyumbani na kusema ameshiba. Idd el Hajj iliyopita alichanga na ndugu zake wakachinja ng'ombe. Fungu lenu lilipoletwa, ukaligawa lote kwa majirani kabla hajarudi, na wageni wake ukawapikia pilau ya soya ambayo, kwa maneno yako, waliigusa kwa adabu. Sasa Idd nyingine inakaribia, na unaniuliza umfanyeje mama mkwe aache kumvuta mwanawe na kuibomoa ndoa yako.

Pole, mwanangu. Kupakua chakula na kukila peke yako kila usiku kunaumiza. Hata hivyo mama mkwe wako sitamsema, kwa sababu katika barua nzima sikuona kosa lake, na kosa nililoliona umeliandika kwa mkono wako mwenyewe bila kulitambua.

Unasimulia kwamba Jumamosi moja ulimfuata mumeo kwa mama yake ili umfumanie akila nyama, ukamkuta anakula ugali kwa kisamvu cha karanga na kunde za nazi. Uliondoka kwa hasira, na tukio hilo ukaniletea kama ushahidi dhidi yao. Hebu lisome tena. Katika kisamvu cha karanga na kunde za nazi hamna nyama, hamna samaki, hamna yai wala tone la maziwa. Mwanamume huyo alivuka mji akiwa na njaa ili ale chakula cha aina ile ile unayosema unampikia nyumbani. Ingekuwa nyama ndiyo imemshinda, angesimama kwa muuza mishikaki aliye karibu na kazini kwake na mambo yakaisha.

Nilipofika hapo nikatafuta katika barua ni nini hasa unachompa, na nikakipata sehemu tatu tofauti, kila mara kimetajwa kwa haraka: kabichi ya kuchemsha, dengu zisizoungwa na wali mweupe. Mafuta umeyaondoa kwa sababu mtaalamu wa kwenye video alisema ni adui. Chumvi umeipunguza mpaka haionekani. Kisha, na hapa ilinibidi niweke barua chini kwanza, umeondoa nazi. Umeondoa nazi katika nyumba ya Tanga! Ni kweli kwamba tui lina mafuta mazito na kwamba mtu mwenye maradhi ya moyo anapaswa kumsikiliza daktari wake, lakini hukuniandikia popote kwamba kuna mgonjwa wa moyo humo ndani. Kuna mwanamume mzima anayebeba mizigo kutwa na mtoto anayekua.

Chama cha watu wanaokula kama wewe kilianzishwa Uingereza mwaka 1944, na sina ugomvi nao, kwani kumhurumia mnyama si dhambi. Lakini wanawake wa pwani hii walipika mlo wa mimea pekee kwa muda mrefu kabla ya hapo, bila kuupa jina wala kuuhubiri, kwa sababu samaki hawakupatikana kila siku na kuku alisubiri mgeni. Mbaazi za nazi kwa mahamri asubuhi, mchicha wa nazi mchana, mihogo ya nazi wakati wa futari, vitumbua, kashata, bhajia za dengu: vyote hivyo unaweza kuvila wewe kwa amani, na mumeo amevila tangu utotoni. Jirani zetu Waethiopia wa kanisa la Kiorthodoksi hufunga nyama, maziwa na mayai siku zipatazo 180 kwa mwaka, zikiwemo karibu Jumatano na Ijumaa zote, na siku hizo hula mchuzi wa dengu nyekundu na shiro, yaani mchuzi wa unga wa jamii ya kunde, juu ya injera, ule mkate wao mwembamba wa chachu, vyakula vyenye viungo na mafuta ya kutosha ambavyo hata asiyefunga huvifurahia. Hakuna anayekimbilia kwa mama yake kwa sababu ya mfungo. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali.

Nikuambie basi kunde hizo hupikwaje, maana nashuku hukubaki pale jikoni hata kuuliza. Hulowekwa usiku, huchemshwa mpaka ziive kabisa bila kupasuka zote, kisha kitunguu na nyanya huiva ndani ya tui la pili, lile jepesi, na kunde huachwa humo zinywe taratibu. Kasimile, yaani tui la kwanza, huja mwisho kwa moto mdogo, na mpishi hukoroga bila kuondoka, kwa sababu likichemka kwa nguvu hukatika na mchuzi ukawa maji upande mmoja na mafuta upande wa pili. Kisamvu nacho hutaka subira zaidi. Majani ya muhogo yana sumu ambayo haiondoki ila yatwangwe vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu, na ndiyo maana hayapikwi kwa haraka ya mtu anayetaka kurudi kwenye simu. Yakishaiva huungwa kwa karanga zilizosagwa na tui, yakaachwa jikoni mpaka mafuta yaelee juu. Biringanya huchomwa juu ya mkaa mpaka ganda liungue, humenywa, huvunjwavunjwa na kutiwa tui, pilipili na ndimu. Kazi hizi ni za saa kadhaa, nami sikudai uzifanye kila siku. Siku za kawaida maharage yaliyochemshwa jana hutosha, mradi leo yaungwe kwa kitunguu kilichokaangwa kikabadilika rangi.

Umelalamika pia kwamba fedha ya matumizi haitoshi siku hizi, ukaashiria kwamba labda mumeo anaihamishia kwa mama yake. Aya mbili baadaye unataja maziwa ya lozi ya boksi, jibini ya korosho na pakiti za soya za dukani. Mwanangu, hapo hakuna fumbo la kufumbuliwa. Nazi iko sokoni, mbuzi ya kukunia iko chini ya kitanda, na uji wa mtoto ukipikwa kwa tui hauhitaji lozi zilizosafiri kwa meli.

Sasa nyama ya Idd. Nitasema kwa ukali kwa sababu umelipita jambo hili kana kwamba ni dogo. Ng'ombe yule alichinjwa kwa nia ya ibada, kwa fedha ya mumeo na ndugu zake, na kwa desturi nyama hiyo hugawanywa kwa wenye nyumba, kwa jamaa na majirani, na kwa maskini. Hakuna aliyekulazimisha uionje. Lakini kuigawa yote bila yeye kujua, siku ambayo wageni wake wanakuja, ni kumvua heshima mbele ya ndugu zake, na nashangaa kwamba alinyamaza. Ungemwita shemeji yako aipeleke kwa mama mkwe, mikono yako isingeigusa na hakuna ambaye angekulaumu. Kuhusu ile pilau, nakisia soya uliitia kutoka kwenye pakiti bila kuiloweka katika maji ya moto na kuikamua mpaka harufu yake iishe, kwa sababu hiyo ndiyo pilau ambayo watu huigusa kwa adabu.

Na hapa niseme neno kwa wanandoa wote wa siku hizi, kwa kuwa barua za namna hii zinanijia nyingi. Zamani mtu aliyetaka kubadili jambo kubwa nyumbani alimkalisha mwenzake, wakalizungumza, likikataa wakaitwa wazee. Leo mtu anaongoka usiku akiwa peke yake na simu chini ya shuka, na asubuhi mwenzake anakuta sheria mpya mezani badala ya chai. Mmoja ameacha nyama, mwingine ameacha sukari, wa tatu hali baada ya saa kumi na mbili jioni, na kila mmoja anataka nyumba nzima imfuate wiki hiyo hiyo. Hakuna ubaya katika kubadilika. Ubaya ni kumgeuza mume au mke kuwa mwanafunzi. Umeandika kwamba kila wakati wa kula ulimweleza jinsi ng'ombe wanavyoteseka, naye "hakuwahi kuthamini elimu hiyo". Mtu ametoka kazini, ana kabichi isiyo na chumvi mbele yake, na juu yake kuna hotuba. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kunde za mama yake hazikuwahi kumhutubia, na alizila mpaka akashiba.

Liko jambo moja ambalo si la ladha wala la heshima, nalo litangulie yote. Mimea haina vitamini B12 ya kutegemewa, na upungufu wake hudhuru damu na mishipa ya fahamu polepole, hasa kwa mtoto mchanga ambaye hupata yake kutoka kwa mama anayemnyonyesha. Hukutaja popote kwamba unameza vidonge vyake. Nenda kliniki ya mama na mtoto wiki hii, ueleze bila kuficha unachokula na usichokula, na ufuate kipimo na dawa watakazokupa. Mkubwa naye apelekwe. Chakula chake hakiamuliwi na wewe peke yako. Ana baba, na mpaka ninyi wawili mkubaliane mbele ya mtu wa afya, akipewa yai na bibi yake usimnyang'anye. Kwa upande wa madini ya chuma, kunde, dengu na maharage yanayo, ila yakamulie ndimu na uache chai mpaka muda upite baada ya mlo, kwa kuwa chai huzuia mwili kuyachukua.

Baada ya kliniki, nenda kwa mama mkwe. Usiende na malalamiko, wala usiende mkono mtupu. Beba nazi na fungu la kisamvu, mwambie umekuja kufundishwa, na ukae mpaka chungu kiipuliwe. Mwanamke anayempikia mwanawe mboga tamu kiasi hicho ndiye mwalimu wa mlo wako huo, na umemkwepa mwaka mzima ukitafuta walimu wa mbali. Mumeo mtake radhi kwa nyama ya Idd, siku ambayo hamna mgeni, kisha umuulize anataka nini jikoni mwenu. Huenda akaomba sufuria moja ya samaki ambayo ataipika mwenyewe au ataletewa. Ukikataa hata hilo, usiniandikie tena kuhusu mume anayekula kwa mama yake.

Siku ya Idd yenyewe, kubaliana naye mapema kwamba nyama yote itapikwa kwa mama yake na wageni watapita nyumba zote mbili. Kwako waanze na mahamri ya tui na mbaazi. Pilau ipike kwa viazi na njegere: vitunguu uvikaange mpaka viwe na rangi ya kahawia iliyokolea, kwa sababu rangi ya pilau hutoka humo wala haitoki katika nyama, kisha tangawizi, kitunguu saumu, bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, na mahali pa supu uweke tui jepesi. Pembeni kuwe na biringanya ya kuchoma, kachumbari na achari ya embe. Visheti uvikande kwa mafuta ya kawaida badala ya samli, wachache watatambua. Usimtangazie mtu kwamba chakula chako hakina hiki wala kile. Wakishanawa, kama yupo atakayeuliza nyama iko wapi, mwambie iko kwa mama mkwe, na nyumba anaijua.