Herufi Moja kwa Kila Beseni: Kwa Mwalimu Anayeanza Darasa la Awali

Mwalimu mwenzangu, kama umepangiwa darasa la awali na umesikia kwamba watoto hushika herufi haraka wakichezea maji, hujadanganywa. Lakini kuna jambo ambalo mimi sikuambiwa, na lilinichukua muhula mzima kuligundua. Maji hayafundishi herufi. Maji humfanya mtoto atake kurudia tena na tena bila kuchoka. Kinachofundisha ni sauti anayoisikia kwako wakati kidole chake kinapita juu ya herufi ile ile.

Mara ya kwanza nilikata herufi zote kutoka kwenye ndala zilizokatika, maana soli za ndala huelea na hazinywi maji. Nikazimwaga zote kwenye karai moja, nikawaita watoto. Kiwango cha serikali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali. Mimi nilikuwa na zaidi ya 60, na wengi wenu mtakuta hali hiyo hiyo. Kabla ya dakika kumi kupita sakafu ilikuwa dimbwi, sare zimelowa, watoto wamefurahi kupita kiasi, na hakuna hata mmoja aliyejua kitu ambacho hakukijua asubuhi.

Nikapunguza, nikabaki na irabu tano. Hapo nilidhani nimefaulu. Nikiuliza, "Iko wapi a?" mikono yote inaizamia na kuitoa. Siku ya tatu nikaandika a ubaoni kwa chaki, nikauliza hii ni nini. Kimya. Kisha mtoto mmoja akanieleza kwa upole, kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa: "Mwalimu, a ni nyekundu. Hiyo nyeupe." Nilikuwa nimeikata a kutoka kwenye ndala nyekundu na nyingine kutoka kwenye za bluu na kijani. Siku tatu nzima nilikuwa nikifundisha rangi. Kwa hiyo kata herufi zako zote kwenye soli za rangi moja, na kila unachokifundisha ndani ya maji kipime nje ya maji siku hiyo hiyo, kwa chaki au kwa kijiti mchangani.

Kuna mtego mwingine ambao hutauona mpaka uchuchumae upande wa mtoto. Herufi inayoelea haina juu wala chini. Ikigeuka, u inakuwa n. Ikipinduka, b inakuwa d, na d ukiizungusha unapata p. Mtu mzima hurekebisha kichwani bila kujua. Mtoto wa miaka mitano anajua kwamba kikombe ni kikombe hata kikilala ubavu, kwa hiyo haoni kwa nini herufi iwe tofauti. Usimlaumu. Siku hizi sikati umbo la herufi lenyewe. Nakata kipande cha mraba, upana wa kiganja changu, halafu naichimba herufi juu yake kwa ncha ya msumari uliopashwa moto. Chini yake nachimba mstari, nao tunauita ardhi. Mtoto kabla ya kusoma anaweka ardhi chini. (Kazi hii ifanye nje, watoto wakiwa wameshaondoka; moshi wa soli si wa kuvuta.) Faida niliyoipata bila kuitarajia ni kwamba maji hujaa kwenye ule mfereji, na kidole kinaufuata chenyewe kama kinavyofuata ufa wa sakafu. Kumwacha mtoto aiguse herufi ni jambo la zamani: Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto jijini Roma mwaka 1907, aliwapitishia watoto vidole juu ya herufi za msasa. Sisi tuna ndala na msumari.

Sasa sauti, na hapa nakuomba usikimbilie. Ukimwambia mtoto hii ni "em" na hii ni "a", kisha ukataka asome ma, unamtaka afanye muujiza. Mwambie "mmm", midomo imefungwa, aivute sauti mpaka pumzi yake iishe. Baada ya irabu, anza na konsonanti zinazovutika: m, n, s, l, f. Sauti kama b, k na t hukatika mara moja, na mtoto akijaribu kuzivuta huzaa irabu ambayo haipo. Mchezo wangu ninaoupenda kuliko yote unatumia makopo matatu. Kopo moja lina herufi m, la pili lina a, la tatu ni tupu. Mtoto anamimina la m huku akisema "mmm", na kabla maji hayajakatika anaanza kumimina la a, "mmmaaa". Mpaka maji yanaishia kwenye kopo la tatu, ameshasoma silabi. Nimeona watoto waliokwama wiki mbili kwenye kuunganisha wakifunguka hapo, kwa sababu mkono uliwaonyesha kwamba sauti ya kwanza haisimami kuisubiri ya pili.

Neno letu la kwanza huwa maji. Ma, ji. Limo mikononi mwao, hakuna haja ya picha. Wakishalijua, wageuzie kwa kinyume kama wanavyocheza mtaani: jima! Watacheka mpaka walie, na katika kucheka huko wamegundua kwamba neno lina vipande vinavyohamishika.

Kazi ya pili ya maji ni kuandika, na kwangu hii ina uzito zaidi ya beseni. Mpe kila mtoto mswaki wa mti uliotafunwa ncha, au kipande cha sponji, na kopo la maji kidogo. Aandike kwenye saruji ya baraza au kwenye ubao. Nilikuwa na binti mmoja aliyelifunika daftari lake kwa mkono kila nilipopita; alikuwa ameshaambiwa huko nyumbani kwamba anaandika vibaya. Barazani alichora e, akaitazama, jua likaikausha. Akachora nyingine. Nilihesabu kumi na saba. Hakuna kosa lililobaki la kuonyeshwa mtu, na hakuna karatasi iliyotoboka kwa kufutwa. Ilipita miezi miwili kabla hajaandika e ile kwa penseli, lakini alipoishika penseli, mkono ulishaijua njia.

Angalia tu kwamba herufi ya maji haikuachii ushahidi. Kama mtoto anaanzia chini au anaizungusha o kinyume, hutaiona jioni unaposahihisha. Simama pale, tazama mkono, na uandike kwenye daftari lako nani alianzia wapi. Nami huwaita watano watano tu. Wengine wanakuwa na kazi ya kimya mchangani, wakibadilishana kila baada ya dakika kumi.

Kuhusu usalama sina mzaha. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache, kwa hiyo beseni lenye maji haliachwi bila mtu mzima hata kwa kwenda kuitikia ofisini. Weka maji kina cha vidole vinne, yanatosha. Ukitumia vitu vidogo kama vizibo vya chupa, viweke mbali na wanaotia kila kitu mdomoni. Mwenye kidonda au anayeharisha siku hiyo apewe kopo lake peke yake, na usimtaje sababu mbele ya wenzake. Maji yabadilishwe kila siku; yakilala, mbu watayapata.

Wazazi watakuja. Mama mmoja aliniuliza, sare ya mwanawe ikiwa mkononi, "Mwalimu, nimemleta kusoma au kufua?" Sikubishana naye. Nilimwomba akae, nikamwita mtoto, nikampa kijiti na mchanga. Akaandika mama. Tangu hapo niliomba kila mzazi alete fulana kuukuu ya kuvaa juu ya sare, na zikaletwa.

Uhaba wa maji usikuzuie. Nimefundisha Dodoma wakati wa kiangazi, ambapo kila tone linakuja kwa dumu. Dumu moja la lita 20 hutosha mabeseni manne, na maji hayo hayana sabuni wala rangi, kwa hiyo hayamwagwi ovyo. Mwisho wa kipindi kila mtoto huchota kopo moja, huenda hadi kwenye miche ya mwarobaini iliyo nyuma ya darasa, na kabla ya kumimina huitamka sauti ya siku hiyo kwa nguvu. Anayeitamka sawasawa anamimina. Anayekosea ananisikiliza, anarudia, kisha naye anamimina. Mabeseni tunayafunika chini juu, na vipande vya ndala tunavianika ukutani, ardhi ikiwa chini.