Raba ziweke mlangoni

Dada, unasema unataka kufanya mazoezi, lakini alamu ya saa kumi na moja alfajiri ikilia, unaizima, unajifunika shuka tena. Usingoje hamu; mara nyingi huja ukishaanza kutoka jasho. Mimi nilijiwekea dakika kumi tu: nikiona siwezi, narudi. Mwaka mzima nimerudi mara mbili. Raba zinalala mlangoni, soksi zimo ndani, na jirani ananigongea dirisha (aibu ya kumwacha nje gizani inaniamsha kuliko alamu yoyote). Shirika la Afya Duniani linashauri walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Basi jioni shuka daladala vituo viwili kabla ya kwako. Ila ukiwa na homa, lala.