Mtafuteni aliyempa

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mwanafunzi wa sekondari akikutwa anatumia steroidi, yaani dawa za homoni za kiume, ili atunishe misuli, alaumiwe nani? Mimi naanza na mtu mzima aliye karibu naye, na kisa kinachonifanya nisiyumbe ni cha Ujerumani Mashariki.

Kuanzia mwaka 1974 serikali ile iliendesha mpango wa siri wa kuwapa wanamichezo homoni za kiume, wengi wao wakiwa wasichana wadogo. Vidonge vya buluu, Oral-Turinabol, vilitengenezwa na kiwanda cha Jenapharm. Makocha wakavigawa wakisema ni vitamini. Heidi Krieger, mrusha tufe wa klabu ya Dynamo Berlin, alianza kupewa akiwa na miaka 16. Mwaka 1986 akatwaa ubingwa wa Ulaya, sauti imekwisha kuwa nzito na mwili umebadilika asiuelewe. Mwaka 1997 alifanyiwa upasuaji wa kubadili jinsia, akawa mwanamume, Andreas. Hadi leo kinachomuuma ni kwamba hakuachiwa nafasi ya kujijua kwanza, kisha aamue mwenyewe.

Na wakubwa je? Manfred Ewald, mkuu wa michezo, na daktari Manfred Höppner walihukumiwa Berlin mwaka 2000: miezi 22 na miezi 18, vyote vifungo vya nje. Mtu akivunja duka la simu hupata zaidi ya hapo.

Nitaambiwa kwamba Heidi alidanganywa, ila kijana wa leo ananunua kwa hiari yake. Sawa, wa miaka 17 simfutii lawama yote. Lakini anajua nini hasa? Hajui kwamba homoni ikizidi, ncha za mifupa yake hufunga kabla ya wakati, akaishia mfupi kuliko alivyopaswa kuwa. Hajui kwamba korodani zikipata homoni ya bure huacha kutengeneza yake, na kwamba siku akiacha sindano anaweza kuzama kwenye sonona.

Taylor Hooton wa Plano, Texas, mcheza besiboli wa sekondari, alijiua mwaka 2003 akiwa na miaka 17, baada ya kuacha steroidi. Baba yake, Don, alilieleza Bunge la Marekani mwaka 2005 kwamba kocha alikuwa amemwambia mwanawe aongeze mwili. Kocha hakumpa dawa. Alimpa sababu, na kwa umri ule sababu inatosha.

Texas ikaamua kupima mikojo ya wanafunzi. Sheria ilipita mwaka 2007, maelfu wakapimwa, waliopatikana wakawa wachache mno, na mwaka 2015 mpango ukafa. Watu wazima waliowazunguka hawakuguswa.

Kanuni za dunia za kupambana na dawa michezoni angalau zimeliona hili: mtoto akikutwa nazo, kocha, daktari na wengine wanaomhudumia lazima wachunguzwe. Ila kanuni hizo haziwafikii wanaonyanyua vyuma kwenye jimu za mitaani, maana wale hawashindani popote. Huko ningeanza na anayeuza testosteroni, homoni ya kiume, bila cheti cha daktari, halafu nimuulize mwenye jimu: mvulana alipojaa kifua ndani ya miezi michache, wewe ulimuuliza nini, au ulimpiga picha ukaibandika mlangoni kuvutia wateja?