Barua kwa mwanangu: mto ukipanda usiku, hema liwe wapi?

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana nikitoka kazini, nikaurudia usiku baba yako akiwa ameshalala. Unasema mnataka kwenda kupiga kambi kwenye vilima vya Ozark, kusini mwa jimbo letu la Missouri, wewe na mume wako na watoto, siku nne. Umeangalia picha za kambi za kando ya mto Current na mto Jacks Fork, zote zina miti na maji ya kijani, na umeshindwa kuchagua kati ya Pulltite, Round Spring, Alley na Big Spring. Mwisho ukauliza kama maji ya chemchemi za huko yananyweka. Kwenye simu tungekatizana, watoto nao wangelia, kwa hiyo nakuandikia.

Unakumbuka kidogo tu ule usiku wa mafuriko, maana ulikuwa na miaka saba na tulikubeba umefungwa ndani ya shuka. Ilikuwa kambi ya mtu binafsi, jina lake halina faida sasa. Tulifika jioni, wakatupa nafasi chini kabisa, mita chache kutoka majini, na wakatuambia hiyo ndiyo nafasi nzuri kuliko zote. Mimi nilifurahi. Baba yako hakufurahi. Alichukua fimbo, akaichomeka pale maji yanapoishia kwenye changarawe, akaweka na jiwe jeupe pembeni yake. Nikamwambia mume wangu, mbingu iko wazi, nyota zote zinaonekana, una wasiwasi wa nini? Hakujibu.

Saa nane usiku akaniamsha. Hapo tulipolala hapakuwa na tone la mvua. Akamulika tochi kuitafuta fimbo yake, haikuwepo. Akatafuta jiwe, halikuwepo. Kiatu chako kimoja kilikuwa kinaelea mbele ya mlango wa hema, kinazunguka polepole kama kinatafuta njia ya kuingia. Tulikuacha ndani ya gari juu kwenye mteremko, tukarudi kuvuta hema na vigingi vyake vyote, na maji yalikuwa yameshanifika magotini. Mvua ilikuwa imenyesha mbali huko juu, jioni ile ile tuliyokuwa tunachoma nyama. Hakuna aliyetuonya.

Kwa hiyo ukiniuliza uchague kambi ipi, mimi kwanza nauliza: mto ukipanda usiku, mtalala wapi na mtatokea wapi? Mandhari tutayazungumza baadaye. Mwishoni mwa Aprili 2017 mto Current pale mji wa Van Buren ulipanda hadi zaidi ya futi 37. Rekodi iliyokuwepo ilikuwa futi 29, ya mwaka 1904. Watu waliokaa pale maisha yao yote waliamini wanaujua mto wao, na maji yakawafuata majumbani. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Sababu ni jinsi nchi yenyewe ilivyo. Vilima ni vya miamba ya chokaa na jamaa yake dolomiti, iliyotobokatoboka, na makorongo kati yake ni membamba. Sehemu ya mvua inazama kwenye mashimo ya ardhini na mapangoni, lakini ikiwa nyingi kuliko miamba inavyoweza kumeza, yote inakimbilia kwenye korongo moja. Korongo halina pa kuitandaza.

Ukifika kambini, kabla hamjashusha kitu garini, tembea na mume wako hadi mtoni halafu mgeuke mtazame miti. Utaona vijiti, nyasi kavu, pengine kamba ya plastiki, vimekwama kwenye matawi juu ya kichwa chako. Hivyo viliachwa na maji. Hema liwe juu ya hapo. Kama nafasi mliyopewa iko chini ya alama hiyo na utabiri una mvua popote upande wa juu wa mto, ombeni nafasi nyingine, na mkinyimwa ondokeni. Kwenye fukwe za changarawe katikati ya mto watu wenye mitumbwi hulala sana, ni pazuri mno, lakini si kwenu mwaka huu wenye mtoto wa miaka minne.

Sasa chemchemi, maana hizo ndizo zitakazowapa raha. Ile mvua iliyozama ardhini inatembea gizani, kisha inatokea chini ya jabali kama mto mzima uliozaliwa mtu mzima. Big Spring peke yake, karibu na Van Buren, hutoa wastani wa galoni milioni 286 kwa siku, zaidi ya lita bilioni moja. Wataalamu walimwaga rangi kwenye maji yanayozama mbali, ikaja kutokea hapo baada ya kusafiri chini kwa chini zaidi ya kilomita 60. Mimi nimekulia Marangu, nimeteka maji ya chemchemi tangu nijue kubeba ndoo, lakini siku ya kwanza kusimama Big Spring nilinyamaza. Maji ni ya buluu, yanachemka bila moto, na yanaunguruma hata ukiwa bado hujayaona.

Na hapo ndipo jibu la swali lako la kunywa. Nyumbani tulikunywa, ndiyo. Huku usinywe, na watoto wasinywe, hata yakiwa meupe kama kioo. Maji yanayopita mapangoni hayachujwi na udongo. Mzoga uliotupwa kwenye shimo la shamba, choo kibovu cha mtu aliye kilomita 30, vyote vinaweza kufika pale vikiwa baridi na safi machoni. Kambi kubwa zina bomba la maji yaliyotibiwa, jazeni madumu hapo.

Kitu kingine ambacho picha haziwezi kukuonyesha ni baridi. Maji yakitoka ardhini yana nyuzi 14 hivi za selsiasi, Julai na Januari ni yale yale. Kwa hiyo mto ule ule una joto tofauti juu na chini ya chemchemi. Pale Alley, mto Jacks Fork unaotoka juu huwa na maji ya uvuguvugu wakati wa kiangazi, ya kina kifupi, mahali pengine yanamfika mtu kwenye kifundo tu. Kisha kijito cha Alley Spring kinaingia na galoni zake milioni 81 kwa siku, na hapo miguu inauma. Mtoto anayecheza upande wa juu atacheza hadi njaa imtoe, na akiwa upande wa chini atakuja kwako midomo imekuwa zambarau. Kuogelea ndani ya chemchemi zenyewe ni marufuku, kwa hiyo msiahidi watoto.

Nikiwachagulia mimi, nendeni Alley. Najua ndiyo kambi kubwa kuliko zote za hifadhi ya taifa ya mito hii na kwamba wewe unapenda upweke, lakini nisikilize. Ina vyoo vya kuvuta maji na bafu, ina ufukwe wa changarawe ambapo mjukuu wangu mdogo anaweza kukaa majini mkiwa mnamwona, na mnaweza kutembea kwa miguu hadi kwenye chemchemi na kile kinu chekundu cha nafaka kilichojengwa mwaka 1894. Yule mkubwa, na maswali yake, mpelekeni kinuni asubuhi mapema. Atasimama pale akiuliza maji yanatoka wapi, na sasa utakuwa na jibu.

Pulltite ni tulivu zaidi, iko upande wa juu wa mto Current, na kwa watu wazima wanaopiga kasia ningesema huko bila kufikiri. Lakini huko utamu wote ni mtumbwi, na mume wako umeniambia hajui kuogelea. Round Spring nayo naipenda, chemchemi yake imekaa kwenye shimo la duara, ukuta wa jabali umeizunguka, na kama Alley imejaa hiyo ndiyo ya pili. Big Spring mwende kuiona, msilale. Mto pale chini umeshakuwa mpana, una nguvu, na boti za injini zinapita kwa kasi. Si mahali pa kumfundishia mtoto maji.

Ila siku mlizotaja, Ijumaa hadi Jumatatu mwezi wa saba, zibadilisheni. Wikendi za kiangazi mito ile inajaa watu wenye mapira ya kuelea, redio na pombe kuanzia saa nne asubuhi, na kelele za maji mtazitafuta. Nendeni Jumatatu mrudi Ijumaa. Kama shule na kazi zinaruhusu, Septemba mwanzoni ni bora zaidi: maji bado yanaogeka, watu wamepungua, na kwa sababu ya chemchemi mto wa Current haukauki hata majira ya ukame. Nafasi kateni mapema kwenye tovuti ya Recreation.gov, na mkitazama ramani ya kambi msikimbilie namba zilizo kando ya maji, chagueni za nyuma, juu zaidi. Watoto watatembea dakika tatu, hawatakufa.

Mkikodi mtumbwi, iwe safari fupi, tuseme kutoka Alley kushuka hadi mji wa Eminence, na kila mtu avae jaketi okozi tangu nchi kavu. Simaanishi kulikalia, maana huko watu wengi hulikalia kama mto wa kiti. Mwambie mkwe wangu kwamba mama mkwe ndiye anayesema, asione haya. Mkiona mti ulioanguka umelala majini kwenye kona, kaeni mbali nao mapema kabisa. Maji yanapita katikati ya matawi lakini mtu hapiti, na mto unaoonekana mpole hapo ndipo unapobana. Chupa za glasi haziruhusiwi mtoni, wala masanduku ya barafu ya povu jeupe la plastiki lile linalomeguka. Na mimi nafurahi haziruhusiwi, maana watoto wote wanatembea peku. Mito hii miwili Bunge la Marekani liliiwekea ulinzi mwaka 1964, ikawa hifadhi ya taifa, wakati palipokuwa na mipango ya kuiziba kwa mabwawa. Ningependa wajukuu wajue kwamba kuna watu walikataa.

Kuni msibebe kutoka huko kwenu Chicago. Nunueni huko huko karibu na kambi, kwa sababu wadudu wanaoua miti husafiri ndani ya magogo, na misitu ile ya mialoni na misonobari haina wa kuitetea wakishaingia. Kupe ni wengi kuanzia mwezi wa nne. Kila jioni kabla ya kulala wavueni watoto nguo mkague nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni, nyuma ya magoti. Kuna na vidudu vyekundu visivyoonekana kirahisi kwa macho, vinavyowasha wiki nzima ukikaa kwenye nyasi ndefu, kwa hiyo kaeni kwenye changarawe au mkeka. Mmea wa sumu wenye majani matatu matatu unaotambaa kwenye miti msiuguse, na kuni zenye mizizi yake msichome.

Simu hazishiki. Hilo usilidharau, maana utabiri mnaoutegemea uko ndani ya simu. Jazeni mafuta mjini Salem, nunueni ramani ya karatasi, na mkifika muulizeni askari wa hifadhi mto unatarajiwa kufanya nini usiku. Barabara namba 19 kutoka Salem hadi Eminence ina kona nyingi na milima ya ghafla. Yule mdogo anatapika, nakumbuka safari ya Krismasi, basi mlisheni kidogo tu asubuhi.

Na fimbo. Mkishafunga hema, mpe yule mkubwa fimbo aichomeke mwenyewe pale maji yanapoishia, aweke na jiwe. Aiangalie kabla ya kulala na aiangalie akiamka. Usimtishe, mwambie ni kazi yake.

Pitieni hapa St. Louis Jumapili jioni mlale, ili Jumatatu mbaki na saa tatu tu za kuendesha. Baba yako ameshalitoa lile turubai la buluu stoo na analishona pembeni palipochanika. Niambie mapema kama watoto bado hawali maharage, nijue nipike nini cha kuwafungia.

Mama yako